Chai, Msitu na Maji ya Mto: Uchunguzi wa Mabonde Mawili ya Kericho

Kapsoit ni kituo kidogo cha biashara kwenye barabara itokayo Kericho kwenda Kisumu. Msafiri ashukaye hapo huona chai pande zote: ile ya mashamba makubwa, iliyokatwa ikawa sawasawa kama meza, na ile ya wakulima wadogo iliyochanganyika na mahindi, migomba na malisho ya ng'ombe. Siku nyingi asubuhi huwa kweupe, na alasiri mawingu hupanda kutoka upande wa Ziwa Victoria, radi zikalia, mvua ikanyesha, na mara nyingine mvua ya mawe ikayapiga majani machanga hadi yakachanika. Jioni vijito hujaa maji.

Maji hayo hayakai Kericho. Yashukayo kwa njia ya Mto Nyando hupita katika tambarare za Kano, na yale ya Mto Sondu hupita Nyakach, kisha yote huingia Ziwani na kutoka huko kuwa maji ya Mto Naili. Kwa hiyo jambo wanalolifanya watu wa milimani juu ya ardhi yao lina maana kwa watu wa tambarare, ambao huenda hawajapata kuuona mlima wenyewe. Mlimani mti ukikatwa, aliye Ahero ana haki ya kuuliza habari zake.

Swali hilo liliulizwa kwa nguvu katika miaka ya 1950. Bei ya chai ilikuwa nzuri, na kampuni za chai zilitaka ardhi zaidi katika ukingo wa msitu wa Mau ya Kusini-Magharibi. Waliokuwa na dhamana ya misitu walihofu kwamba miti ikiondolewa mito itafurika wakati wa masika na kukauka wakati wa kiangazi. Wakulima wa chai nao walijibu kwamba mchai nao ni mti, kwamba ukiachwa bila kupogolewa hurefuka kama miti mingine, na kwamba shamba la chai lililotunzwa huifunika ardhi mwaka mzima. Kila upande ulikuwa na maneno mengi, lakini hapana hata mmoja uliokuwa na hesabu. Haikuwa imepimwa katika Afrika ya Mashariki ni maji kiasi gani yanayotumiwa na msitu, wala ni kiasi gani yanayotumiwa na chai.

(Yafaa ikumbukwe kwamba ardhi yenyewe ya mashamba makubwa ilikuwa na kesi nyingine, nayo ni ya zamani zaidi. Wakipsigis na Watalai waliondolewa katika sehemu nyingi za nchi hiyo wakati wa utawala wa kikoloni, na malalamiko yao hayakuisha pamoja na utawala huo. Wataalamu wa maji hawakuulizwa habari za jambo hilo, wala vipimo vyao haviwezi kulijibu.)

Aliyelichukua swali la maji na kulifanya kazi yake alikuwa Herbert Charles Pereira, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1913. Alisomea elimu ya udongo, na wakati wa Vita Kuu ya Pili akatumikia katika jeshi la wahandisi. Vita vilipokwisha alikuja Kenya, mwaka 1946, kufanya uchunguzi wa udongo wa mashamba ya kahawa. Huko kwenye kahawa ndiko alikoanza kufuatilia safari ya maji: mvua ikisha kuanguka inakwenda wapi, mizizi inayafuata maji hadi kina gani, na kwa nini shamba moja hustahimili kiangazi na jirani yake likanyauka. Kisha akahamia Muguga, karibu na Nairobi, katika Shirika la Uchunguzi wa Kilimo na Misitu la Afrika ya Mashariki, lililozihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, na baadaye akawa naibu wa mkurugenzi wake.

Pereira aliona kwamba haifai kubishana juu ya nchi nzima. Afadhali lichaguliwe bonde moja dogo lenye kijito chake, lipimwe lote kama mtu apimavyo debe la maji: yaingiayo na yatokayo. Njia hiyo hakuibuni yeye. Huko Marekani, katika milima ya Colorado, mahali paitwapo Wagon Wheel Gap, wataalamu walianza mwaka 1910 kuyapima mabonde mawili yaliyo jirani, wakayaacha kwa miaka kadhaa bila kuyagusa ili wajue tabia zao, kisha wakakata miti ya bonde moja na kuliacha la pili. Lile lisiloguswa huwa shahidi. Mvua ikizidi, itazidi katika yote mawili. Ukame ukija, utayapata yote mawili. Basi tofauti itakayotokea baadaye ni ya ukataji wa miti, si ya majira. Lakini Colorado ni nchi ya theluji, ambako miti hulala miezi mingi ya baridi. Hesabu zake hazikufaa kuletwa Kericho, ambako jani ni la kijani Januari hadi Desemba.

Huko Kericho mabonde yaliyochaguliwa ni Sambret na Lagan. Yote mawili yalikuwa ndani ya msitu wa mlimani, kwenye kimo kinachozidi futi 6,000, na sehemu za juu zina mianzi. Sambret lina ekari zaidi ya 1,700, na Lagan ekari zaidi ya 1,300. Vipimo vilianza kuelekea mwisho wa miaka ya 1950. Lagan liliwekwa liwe shahidi. Msitu wake haukuguswa. Katika Sambret msitu ulianza kufyekwa kwa kipande ili kupanda chai, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 kama nusu ya bonde ilikuwa chai. Nusu nyingine ilibaki msitu na mianzi, na jambo hilo lisisahauliwe na asomaye matokeo.

Kupima kijito si jambo la kutumbukiza fimbo. Mtoni hujengwa ukuta wa saruji uliokingama kutoka ukingo hata ukingo, wenye msingi uliozama hadi kwenye mwamba, ili maji yasipite chini yake. Juu ya ukuta hukatwa pengo lenye umbo maalumu. Kwa kuwa umbo la pengo hilo lajulikana barabara, kimo cha maji yapitayo hapo hueleza ni kiasi gani yanayopita kila sekunde. Pengo dogo hupima maji ya kiangazi, na pengo pana lililo juu yake hupima mafuriko. Kando ya ukuta kuna kisima kidogo chenye kielezi kinachopanda na kushuka pamoja na maji; kielezi kimefungwa kwa kalamu, na kalamu huandika juu ya karatasi iliyozungushiwa ngoma inayoendeshwa na saa. Mvua ya radi ikinyesha saa tisa alasiri, karatasi itaonyesha mstari ukipanda kwa ghafula na kushuka polepole usiku kucha.

Mvua nayo hupimwa kwa vyombo vingi vilivyotawanywa bondeni, kwa sababu mvua ya Kericho haina usawa. Kilima kimoja hulowa na cha pili kikabaki kikavu. Ndani ya msitu kazi ilikuwa ngumu zaidi. Chombo kikiwekwa chini ya miti hupokea matone ya majani tu, si mvua yenyewe; kwa hiyo vyombo vingine vilipandishwa hadi kimo cha vilele vya miti. Watu walitembea njia za msituni kwenda kuvisoma, kubadili karatasi na kuzipeleka ofisini. Kazi hiyo haina sifa mbele za watu, lakini siku moja isiposomwa huacha tundu katika hesabu ambalo hakuna profesa awezaye kuliziba.

Mtu asidhani kwamba maji yenyewe ni machache. Inchi moja ya mvua ikianguka juu ya ekari moja ni zaidi ya tani 100 za maji. Mabonde haya hupata inchi 80 na zaidi kwa mwaka. Basi kila ekari ya Lagan hupokea zaidi ya tani 8,000 kila mwaka, na swali ni hili: zinakwenda wapi?

Jibu la kwanza liliwashangaza wengi. Zaidi ya nusu haifiki mtoni kabisa. Hurudi hewani. Sehemu ya mvua hushikwa na majani ya miti na kukaushwa na jua na upepo kabla ya kugusa ardhi. Sehemu nyingine huingia ardhini, ikafyonzwa na mizizi, ikapanda ndani ya shina na kutoka majanini kama mvuke. Udongo wa Kericho ni mwekundu, wenye kina kirefu, uliotokana na mawe ya volkano. Hunywa mvua upesi na huhifadhi maji mengi. Wachunguzi waliochimba mashimo waliifuata mizizi hadi kina kinachozidi futi 10. Kwa hiyo mti wa Kericho hauogopi majuma machache ya kiangazi. Una ghala chini yake.

Wale waliosema kwamba msitu hutengeneza maji walikosea katika hilo, kwa maana msitu ni mnywaji mkubwa. Faida yake iko mahali pengine. Sakafu yake laini ya majani na mboji huiacha mvua iingie ardhini badala ya kutiririka juu, na maji yaliyoingia ardhini ndiyo yanayotoka polepole katika chemchemi wakati mvua imekoma.

Kiasi cha kunywa hakipimwi kwa tamaa ya mti bali kwa nguvu ya jua. Maji hayageuki mvuke bila joto, na joto hilo hutoka juani. Mwingereza mwingine, Howard Penman wa kituo cha Rothamsted, alikuwa ameonyesha mwaka 1948 jinsi ya kukadiria ni maji kiasi gani yawezayo kukauka mahali fulani, kwa kutumia vipimo vya jua, joto, unyevu wa hewa na upepo. Hesabu yake ilikuwa ndefu, na ilifanywa kwa ajili ya Uingereza. Hapa ndipo alipoingia James McCulloch, mwanafizikia wa Muguga. Alitengeneza majedwali yaliyoifanya hesabu ya Penman kuwa nyepesi, yenye kujali kimo cha nchi za milimani, na yakachapishwa mwaka 1965. Tangu hapo karani mwenye penseli na vipimo vya kituo cha hewa aliweza kupata jibu kwa dakika chache. Majedwali hayo yalitumika Afrika ya Mashariki kwa miaka mingi. McCulloch mwenyewe alirudi Uingereza na kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Elimu ya Maji huko Wallingford, na taasisi hiyo ikaendelea kushirikiana na Muguga katika uchunguzi wa Kericho hadi katikati ya miaka ya 1970. Mtu atafutaye chanzo cha chuo hicho mashuhuri cha Uingereza hana budi kupita Muguga na Kericho.

Sasa yafuata matokeo. Msitu wa Sambret ulipofyekwa na miche ya chai ilipokuwa bado midogo, kijito kilitoa maji mengi zaidi kuliko zamani, wala si machache. Sababu yake ni wazi: wanywaji wakubwa wameondolewa, na wadogo hawajakua. Lakini maji hayo yaliongezeka pamoja na hatari. Ardhi ilikuwa wazi, matone ya mvua ya radi yaliipiga moja kwa moja, na mito iliyopita mashambani ilibeba tope kuliko mito ya msituni. Huo ndio wakati mbaya, na hudumu miaka michache, hadi matawi ya chai yakutane na kuifunika ardhi.

Michai ilipokutana, mambo yaligeuka. Tope lilipungua sana. Kiasi cha maji kilichotumiwa na chai iliyokomaa kilikuwa karibu sawa na kile cha msitu, au kidogo chini yake. Haishangazi kwa mtu aliyekwisha kufahamu habari za jua: majani ni ya kijani mwaka mzima, yameifunika ardhi yote, mizizi imeshuka chini sana. Tofauti ndogo iliyopo hutokana na umbo. Vilele vya msitu ni vya juu na vya chini, upepo huingia kati yake na kuyakausha maji yaliyoshikwa na majani. Meza ya chai ni laini, na upepo huteleza juu yake. Kijito cha Sambret hakikukauka wakati wa kiangazi.

Je, waliotaka kukata misitu walikuwa wameshinda kesi? Hapana, na Pereira alikuwa mwangalifu katika jambo hili kuliko baadhi ya waliomnukuu baada yake. Kilichopimwa Sambret ni shamba moja lililopangwa kwa uangalifu mkubwa na watu wenye fedha. Mitaro ya kukinga maji ilichimbwa kwa kufuata usawa wa kilima kabla ya kupanda, barabara zilipangwa zisiwe mifereji, na nusu ya bonde haikukatwa. Kadhalika uchunguzi huo haukuulizwa kama msitu huleta mvua, wala habari za asali, dawa, kuni na wanyama. Uliulizwa habari za maji ya kijito, nao ulijibu habari za maji ya kijito.

Shirika la Muguga liliweka vipimo vya namna hiyo mahali pengine pia, na ni vizuri kuvitaja, kwa kuwa majibu hayakufanana. Kimakia, katika milima ya Aberdare, mianzi ilikatwa, ikapandwa misonobari, na katika miaka ya kwanza wakulima waliruhusiwa kulima mboga kati ya miche. Misonobari ilipokua ilitumia maji kama ile mianzi ya zamani. Atumatak, nchi ya Karamoja huko Uganda, hakukuwa na msitu wala chai, bali malisho yaliyokwisha kuliwa na mifugo hadi ardhi ikabaki tupu. Huko jambo lilikuwa kuzuia maji yasikimbie. Karibu na Mbeya, nyanda za juu za Tanganyika, bonde la msitu lilipimwa pamoja na bonde ambalo wakulima wadogo walikuwa wakililima katika miteremko mikali. Kila mtu alitazamia kwamba kijito cha mashamba kingekufa kiangazi. Kumbe kilitoa maji mengi kuliko cha msituni, hata kiangazi, na udongo uliopotea ulikuwa mdogo kuliko ilivyodhaniwa, kwa sababu udongo wa huko, uliotokana na majivu ya volkano, hunywa mvua kama sifongo. Huo ulikuwa ujuzi kwa Mbeya. Mtu akiuchukua na kuupeleka kwenye udongo mgumu, unaoziba ukilowa, atapata hasara.

Habari za mwanzo za mabonde hayo zilichapishwa mwaka 1962 katika toleo maalumu la jarida la kilimo na misitu la Afrika ya Mashariki, na hesabu kamili katika toleo jingine la mwaka 1979. Kati ya miaka hiyo nchi zote zilipata uhuru, mvua kubwa za mwaka 1961 na zilizofuata ziliinua Ziwa Victoria kwa zaidi ya futi 6, na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika mwaka 1977, ikivunja na shirika la Muguga. Pereira hakukaa kuuona mwisho wake. Aliondoka mapema katika miaka ya 1960 kwenda kuongoza uchunguzi wa kilimo katika Afrika ya Kati, kisha akarudi Uingereza. Mwaka 1969 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, mwaka 1973 akatoa kitabu juu ya matumizi ya ardhi na hazina ya maji, na baadaye akapewa cheo cha Sir. Alifariki mwaka 2004.

Kericho kwenyewe kazi haikukoma. Taasisi ya Uchunguzi wa Chai, iliyo Timbilil, ilishughulikia ile miaka mibaya ya chai changa. Mtaalamu wa udongo C. O. Othieno alipima tope linalotoka katika mashamba machanga, na mwaka 1975 akaeleza kwamba nyasi zilizotandazwa, au nafaka ya oti iliyopandwa kati ya mistari ya chai, huzuia mmomonyoko karibu wote. Ujuzi huo ni wa bei nafuu. Mkulima wa Kapsoit mwenye nusu ekari aweza kuutumia sawasawa na kampuni.

Na mkulima huyo mdogo ndiye ambaye Pereira hakumpima Kericho. Wakati Sambret likifyekwa, chai ya wakulima Waafrika ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Baada ya miaka michache ilienea milimani kote. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Kanda za Chai za Nyayo, ukanda wa chai uliopandwa kuuzunguka msitu ili uwe mpaka. Hata hivyo mwaka 2001 sehemu kubwa za Mau ziliondolewa katika hifadhi na kugawiwa watu, na katika miaka iliyofuata watu walihamishwa, wakarudi, wakahamishwa tena, kwa uchungu mwingi.

Katika miaka ya 2010 wachunguzi kutoka Ujerumani, Uingereza na Kenya walirudi katika mabonde ya Mto Sondu, safari hii wakiwa na mitambo inayopima maji kila dakika chache na kuyaandika yenyewe bila kalamu wala ngoma. Walichagua mabonde matatu: la msitu, la chai ya mashamba makubwa, na la wakulima wadogo. Tope lililotoka katika bonde la wakulima wadogo lilizidi sana lile la mengine mawili, na uchunguzi wa asili ya tope hilo, uliotangazwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba sehemu kubwa yake imetoka katika ardhi inayolimwa. Katika bonde la chai mto ulikuwa na chumvi nyingi zaidi za mbolea. Mwishoni mwa miaka ya 2000 mtambo wa umeme wa Sondu-Miriu ulianza kazi chini ya mabonde hayo, na kila tope linaloshuka kutoka milimani hupita mlangoni pake kabla ya kufika Ziwani.